Maswali na Majibu: Petroli Inapovuja kwenye Gari la Zamani

Swali: Gari langu ni la zamani, lenye injini ya kabureta. Kila asubuhi nakuta harufu kali ya petroli, lakini sioni hata tone moja chini. Nianze kutafuta wapi?

Jibu: Kabla hujashika spana, jiulize kwanza harufu hiyo hutokea saa ngapi, kwa sababu wakati wa kuvuja hueleza mengi kuhusu mahali panapovuja. Gari likinuka mara tu baada ya kuzimwa likiwa limepata moto, joto la injini hupanda hadi kwenye kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na kuchemsha petroli iliyobaki kwenye bakuli lake, na harufu kidogo ya namna hiyo katika magari ya zamani si jambo la ajabu. Lakini likinuka asubuhi, injini ikiwa imepoa usiku kucha, basi kuna mahali panapovuja taratibu: kwenye mipira ya kupitishia petroli, kwenye gasketi ya bakuli la kabureta, au huko nyuma kwenye tangi.

Sakafu kavu isikupe moyo. Oili ikivuja hubaki pale pale ilipoangukia, ilhali petroli hugeuka mvuke njiani na huenda isifike chini kamwe. Kinachobaki ni alama yake. Injini iliyotumika miaka mingi huwa imefunikwa na utando wa vumbi na oili, na petroli inapopita hapo huuosha, ukaona mchirizi safi wa chuma au doa la rangi ya kahawia kuzunguka kiungio. Ufuate mchirizi huo kwenda juu, si kwenda chini, kwa kuwa sehemu ya juu kabisa yenye unyevu ndiyo inayovuja. Usipoona kitu, futa viungio vyote vikauke, uvizungushie vipande vya karatasi nyeupe injini ikiwa imepoa na imezimwa, kisha uvikague asubuhi na kuvitoa vyote kabla ya kuwasha gari.

Wakati wote wa uchunguzi gari likae nje. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini na kutambaa hadi ukutane na cheche. Tumia tochi, na kizima moto cha poda kiwe karibu. Naandika hivi kwa kuwa nimewahi kumwona mtu mzima, tena mwenye akili zake, akimulika kabureta inayovuja kwa kiberiti.

Swali: Kabureta yangu inafurika, na petroli inamwagika kwa juu injini ikiwa inaunguruma. Nimeshauriwa ninunue mpya. Je, ni lazima?

Jibu: Kununua kabureta mpya liwe jambo la mwisho. Ndani ya bakuli la kabureta kuna boya, ambalo mafundi wengi huliita floti. Petroli ikijaa, boya hupanda na kuisukuma sindano ndogo izibe tundu la kuingizia mafuta. Kabureta inayofurika maana yake ni kwamba sindano haizibi, na sababu zake si nyingi.

Ya kwanza ni uchafu: punje moja ya kutu kutoka kwenye tangi inatosha kuizuia sindano isikae vizuri. Ya pili ni sindano yenyewe kulika. Ukiitazama ncha yake kwenye mwanga na kuona mfereji mwembamba umeizunguka kama pete, ibadilishe pamoja na kikalio chake. Ya tatu ni boya lililotoboka. Litoe, ulitikise karibu na sikio, na ukisikia petroli ikicheza ndani, limekwisha kazi. Kama ni la shaba nyeupe au njano na una shaka, lizamishe kwenye maji ya moto yaliyokwisha kuondolewa jikoni, nawe utaona viputo vikitoka penye tundu. Wapo wanaoliziba kwa risasi ya kulehemu, lakini boya lenye mabaki ya petroli ndani si kitu cha kukikaribia na moto.

Kuna sababu ya nne ambayo husahauliwa mno, nayo ni pampu. Pampu ya kimakanika ya injini za kabureta kwa kawaida husukuma kwa shinikizo la takribani bar 0.2 hadi 0.4. Aliyekuuzia gari akiwa aliweka pampu ya umeme ya injini za nozeli (zile zinazonyunyiziwa petroli kwa shinikizo badala ya kutumia kabureta), ambayo aghalabu hufika bar 3, hakuna sindano itakayoihimili, na hata ukinunua kabureta tatu mpya zote zitafurika.

Swali: Oili ya injini inanuka petroli, na kwenye kijiti cha kupimia imepanda juu ya alama. Naweza kuendelea kuendesha hadi mwisho wa wiki?

Jibu: Usiliwashe tena. Oili iliyochanganyika na petroli huwa nyepesi kama maji, ikashindwa kulinda beringi, na mvuke unaokusanyika ndani ya injini unaweza kulipuka. Kama pampu yako ni ya kimakanika, iliyofungwa ubavuni mwa injini, mshuku kwanza diaframu, yaani ule utando wa mpira ulio ndani yake, kwani ukipasuka petroli huteremkia kwenye oili moja kwa moja. Pampu ikiwa nzima, rudi kwenye kabureta inayofurika. Oili na filta yake vibadilishwe baada ya matengenezo, si kabla.

Swali: Mpira wa petroli umepasuka. Naweza kuweka kipande cha mpira wa maji kwa muda?

Jibu: Hapana, hata kwa siku moja. Mpira wa maji huvimba na kulainika ukiguswa na petroli. Soma maandishi yaliyo kwenye mpira: SAE 30R7 unafaa kwa kabureta, na 30R9 kwa injini za nozeli zenye shinikizo kubwa. Ukipasuka mmoja, badilisha yote, maana ina umri mmoja.

Swali: Gari langu ni la nozeli. Huvuja petroli likiwashwa wakati wa baridi, kisha huacha likipata moto. Je, limejiponya?

Jibu: Halijapona. Ile pete ya mpira inayoziba shingo ya nozeli, yaani oringi, imekauka kwa uzee. Baridi huifanya isinyae na joto huitanua ikaziba tena. Kabla ya kufungua, toa fyuzi ya pampu, washa injini uiache izimike yenyewe ili shinikizo lishuke, kisha chomoa betri na ufunike kiungio kwa kitambaa unapokilegeza. Oringi mpya iwe ya aina inayostahimili petroli, na uipake tone la oili safi ili isikatike inapoingia.

Swali: Tangi lina kitobo kidogo sana. Nikilimaliza mafuta yote, naweza kulichomelea?

Jibu: Tangi tupu ndilo la kuogopwa zaidi. Mvuke wa petroli huwaka ukiwa takribani asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa, na mchanganyiko wa namna hiyo hutokea kwa urahisi ndani ya tangi lililomwagwa mafuta. Mpelekee fundi mwenye vifaa vya kulisafisha na kuutoa mvuke wote kabla ya kuchomelea, au utafute tangi jingine. Kwa sasa sugua kitobo hicho kwa sabuni ya mche iliyokauka hadi kizibe. Kitasimama kwa muda wa kutosha kuinyonya petroli yote na kuitia kwenye dumu lililotengenezwa kwa ajili ya mafuta.