Haramia, au kama haramia?

Msomaji wa Nyakato, Mwanza, anauliza: "Shikamoo, mwalimu. Naandaa makala kuhusu michezo inayochezwa kwa barua za posta. Niseme 'aina' au 'utanzu' wa mchezo? Na je, ni sahihi kuandika 'mchezaji hucheza kama haramia'?"

Marahaba. La kwanza ni jepesi. "Aina" inatosha: michezo ya vita, ya anga za juu, ya biashara, ya mpira. "Utanzu" tumeuzoea katika fasihi, lakini ukiutumia sitakugombeza.

La pili linanikera miaka mingi. "Kama" tulilipata kwa Waarabu, na kazi yake kubwa ni kufananisha. Anayelia kama mtoto si mtoto. Njoo nami uwanja wa Kirumba. Beki wa kati anaruka na kuupangua mpira kwa mikono miwili. Huyo amecheza kama kipa, na mwamuzi anaonyesha penalti. Baadaye kipa anaumia, wachezaji wa akiba wamekwisha, beki yule yule anavaa glovu na kusimama golini. Sasa anacheza kipa. Jukwaani hakuna anayekosea: "anacheza namba sita," "leo anacheza winga." Hilo "kama" mnalolichomeka kila mahali ndilo linalotenganisha penalti na mchezo halali!

Na watoto je? Wakicheza kibaba na mama mchangani pale ufukweni, kopo la tope likiwa ndiyo sufuria, utasikia: "Mimi ndiyo mama, wewe ndiyo mgeni." Basi. Hajaambiwa mtu acheze kama mgeni.

Sasa rudi kwenye barua zako. Kampuni ya Flying Buffalo ya Marekani ilianzisha Starweb, mchezo wa anga za juu, mwaka 1976. Wachezaji walituma maagizo yao kwa posta, kompyuta ikayachakata, matokeo yakawarudia kwa posta vilevile. Kila mmoja alichagua nafasi moja kati ya sita, na alama zilifuata nafasi hiyo. Haramia aliteka meli, mtume aliongoa watu wa sayari, mfanyabiashara alipata alama kwa kusafirisha bidhaa. Mfanyabiashara akianza kuwavamia wenzake njiani, huyo ndiye aliyecheza kama haramia, na bado ni mfanyabiashara. Ukiandika "kama" kwa wote wawili, msomaji wako atawatofautishaje?

Katika Diplomacy, mchezo wa Allan Calhamer uliotoka mwaka 1959 na ambao baadaye ulienea sana kwa barua, dola ni saba. Hapo sema "ameshika Uturuki," "amepewa Urusi."

Ugonjwa huu umeshafika kazini. Juzi nimesoma kwamba fulani "anafanya kazi kama mvuvi." Nenda soko la samaki la Mwaloni alfajiri ukaulize. Utaambiwa anavua. Mwenzake anafanya uchuuzi wa dagaa. Aliyefundisha alifanya kazi ya ualimu. Kiswahili kimetupa kile kiambishi "u-" bure kabisa, nasi tunakiacha kikiota kutu. Barua za ofisini zimenishinda, "alihudumu kama mwenyekiti" nimeshaacha kuisahihisha. Makala yako bado haijatoka, kwa hiyo nina tumaini.

Andika: "Mchezaji mmoja huwa haramia, mwingine huwa mtume." Lile "kama" mwachie yule mfanyabiashara mvamizi.