Donge la damu kwa mtoto njiti
Dada wa Newala, umeuliza kwa nini donge la damu kwenye mshipa wa njiti wenu aliyezaliwa kwa wiki 30 za mimba linachelewa kuyeyuka. Donge huyeyushwa na plazmini, kimeng'enya cha damu kinachotokana na plazminojeni, protini iliyolala hadi ihitajike, na hiyo hutengenezwa na ini. Hata mtoto mchanga aliyezaliwa baada ya kutimiza miezi ya mimba anayo kama nusu tu ya mtu mzima. Njiti ana pungufu zaidi, ini lake bado changa. Na hiyo kidogo aliyonayo inachelewa kuamka na kuwa plazmini. Ajabu ni kwamba njiti huyohuyo anaweza kuvuja damu kichwani, maana mishipa yake ni laini mno. Ndiyo maana daktari hakimbilii dawa ya kuyeyusha. Sindano ya vitamini K (najua bibi ataiuliza) ni ya kuzuia kuvuja, haihusiki na kuyeyusha.