Barafu ya mbali na maji ya Kilindini: majibu kwa wasomaji

Tangu tulipoandika kuhusu utafiti unaofanywa Aktiki, kwenye ncha ya kaskazini ya dunia, na Antaktika, kwenye ncha ya kusini, tumepokea barua nyingi kutoka pande zote za Mombasa, na nyingine kutoka Kwale na Kilifi. Nimechagua zile zilizouliza mambo ambayo wengi huyawaza bila kuyatamka, na nimezifupisha kidogo.

Shikamoo mwalimu. Darasani tulijaza maji gilasi hadi ukingoni huku vipande vya barafu vikielea ndani yake. Vikayeyuka vyote na hata tone moja halikumwagika. Mbona basi tunaambiwa barafu ikiyeyuka bahari itapanda? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Tudor)

Marahaba, mwanangu. Jaribio lenu ni sahihi, na ningependa kila shule ilifanye. Barafu inayoelea huwa imekwisha kusukuma maji yenye uzito sawa na wake, kwa hiyo ikiyeyuka hujaza nafasi ile ile iliyokuwa imeikalia. Ndivyo ilivyo barafu ya Aktiki iliyoganda juu ya bahari. Sasa rudieni jaribio kwa namna nyingine: tieni jiwe ndani ya bakuli la maji, kichwa chake kikiwa kimechomoza, mpange vipande vya barafu juu ya jiwe hilo, kisha mtie alama ya kalamu pale maji yalipofikia. Barafu ikishayeyuka mtaikuta alama yenu imefunikwa.

Jiwe hilo ndilo Greenland, kisiwa kikubwa cha kaskazini, na ndilo bara la Antaktika, ambako barafu imelala juu ya nchi kavu na katika sehemu nyingi unene wake unapita kilomita mbili. Barafu ya Greenland ingeyeyuka yote ingeinua bahari za dunia kwa takriban mita 7, na ya Antaktika kwa takriban mita 58. Jambo hilo halitatokea katika umri wetu wala wa wajukuu wetu, lakini sehemu ndogo tu ya akiba kubwa namna hiyo inatosha kubadilisha pwani yetu.

Hata hivyo msiidharau ile inayoelea. Kila mtu wa pwani anajua tofauti ya kanzu nyeupe na nguo nyeusi katika jua la mchana wakati wa kaskazi. Barafu iliyofunikwa na theluji hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua unaoipiga, ilhali bahari iliyo wazi, kwa weusi wake, humeza zaidi ya asilimia 90. Barafu inapopungua bahari hupata joto zaidi, na joto hilo huyeyusha barafu nyingine. Hiyo ni sababu mojawapo ya Aktiki kupata joto karibu mara nne ya kasi ya dunia kwa jumla tangu mwaka 1979, mwaka ambao setilaiti zilianza kutupa hesabu isiyokatika ya barafu ya baharini.

Mwalimu, navuka feri kila siku kwa zaidi ya miaka ishirini. Maji yakipwa tunateremka mteremko mkali kukifikia chombo. Yakijaa, feri hukaribia usawa wa barabara. Ikiwa bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu kwa siku moja wakati wa bamvua, hizo milimita mnazozitangaza zina uzito gani? (Abiria, Likoni)

Swali hili limenifurahisha kuliko yote, kwa sababu limetoka kwa mtu anayetazama kwa macho yake. Mita za kujaa na kupwa huja zikarudi. Milimita hizi zikija hazirudi. Kati ya mwaka 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20, yaani karibu shubiri moja, na kasi inaongezeka: katika sehemu kubwa ya karne iliyopita ilikuwa milimita 1.3 hivi kwa mwaka, lakini kati ya 2006 na 2018 ilifika milimita 3.7.

Fikiria ukuta uliojengwa na babu zetu ukingoni mwa maji, wakauacha shubiri moja juu ya bamvua kubwa kuliko yote waliyowahi kuiona. Shubiri hiyo ndiyo iliyokuwa salama yao. Ikishaliwa, bamvua ambayo zamani ingeishia chini ya ukingo sasa huuruka, na kama siku hiyo kusi linavuma kwa nguvu, mawimbi huingia mpaka barazani. Chini ya ardhi nako, chumvi hujipenyeza ndani ya mawe ya matumbawe tuliyochimbia visima vyetu.

Niongeze jambo moja ambalo husahauliwa. Si kupanda kote kunakotokana na barafu. Kati ya 1971 na 2018 karibu nusu yake ilitokana na maji yenyewe kutanuka kwa joto, na sehemu kubwa ya iliyobaki ilitokana na mito ya barafu ya milimani pamoja na barafu ya Greenland na Antaktika.

Hao walioko karibu na barafu si ndio watakaofurika kwanza? Sisi tuko mbali sana. (Mkazi wa Mji wa Kale)

Ndugu yangu, mambo ni kinyume kabisa, na naomba unisikilize kwa makini. Barafu ya Greenland ni nzito kiasi kwamba, kwa nguvu ya uvutano, huyavuta maji ya bahari kuelekea kwake, kama mwezi unavyoyavuta yetu wakati wa bamvua. Barafu inapopungua, mvuto huo nao hupungua. Maji yaliyokuwa yamekusanyika pembeni mwake huachiliwa na kusambaa kwingine. Kwa hiyo karibu na Greenland yenyewe usawa wa bahari hushuka, ilhali katika bahari za ukanda wa tropiki, yetu ikiwemo, hupanda zaidi ya wastani wa dunia. Barafu ya Antaktika ya Magharibi nayo ikipungua, Bahari ya Hindi ni miongoni mwa sehemu zinazopokea zaidi ya wastani. Umbali wetu haukutuokoa, umetuongezea mzigo.

Asalam aleikum. Wakati wa kusi tunawaona nyangumi wakubwa wakipita nje ya mwamba, mara nyingine na mtoto ubavuni. Wazee wetu wanasema wanatoka baridini. Ni kweli? (Mvuvi, Shimoni)

Waaleikum salaam. Wazee wamesema kweli. Hao ni nyangumi wa nundu, na wengi wao huonekana kwetu kuanzia Julai hadi Septemba. Majira ya joto ya kusini hukaa katika bahari inayoizunguka Antaktika wakila, kisha husafiri maelfu ya kilomita kuja kuzaa kwenye maji ya uvuguvugu. Wakiwa huku hawali karibu chochote: mama hunyonyesha kwa mafuta aliyoyaweka mwilini kule.

Na chakula chao huko ni nini? Ni uduvi, bwana. Si uduvi huu tunaouanika juani, bali jamaa yake wa kusini, mwenye urefu wa kidole kidogo, anayetembea kwa makundi makubwa yasiyohesabika. Watoto wa uduvi hao huvuka majira ya baridi chini ya barafu ya baharini, wakikwangua mwani mdogo unaoota kwenye upande wake wa chini, kama konokono anavyokwangua ubavu wa ngalawa. Barafu ikipungua, malisho hayo hupungua, uduvi hupungua, na mama unayemwona nje ya mwamba hufika akiwa amekonda. Uduvi huyohuyo hutufanyia kazi nyingine: hula mimea midogo iliyokwisha kunyonya hewa ya ukaa, ile inayoongeza joto la dunia, na choo chake huzama na sehemu ya ukaa huo hadi vilindini.

Karne iliyopita wawindaji waliua zaidi ya nyangumi wa nundu 200,000 katika nusu ya kusini ya dunia, mpaka wakabaki wachache mno. Uwindaji wao huko ulipigwa marufuku mwaka 1963, uwindaji wa kibiashara wa nyangumi wote wakubwa ukasitishwa kuanzia 1986, na tangu hapo wameongezeka kiasi cha kutia moyo. Ombi langu kwenu ni moja: mnapowaona wanapita na ndama, pandisheni jarife mapema ikiwezekana, na msiwakaribie kwa mashine. Nyangumi akinaswa, hasara ni yake na ni yenu pia.

Wanajuaje hewa ilivyokuwa miaka laki nane iliyopita? Nani alikuwepo? (Msomaji, Changamwe)

Hakuwepo mtu, ila hewa yenyewe ipo. Theluji ya katikati ya Antaktika haiyeyuki. Ya mwaka huu huilalia ya mwaka jana, na ile ya chini, ikigandamizwa, hufungia viputo vya hewa ya siku zake. Mwaka 1965 mwanasayansi Mfaransa Claude Lorius alitia kipande cha barafu ya kale katika kinywaji chake, akavitazama viputo vikipasuka juu ya gilasi, na hapo akatambua kwamba hewa hiyo inaweza kupimwa.

Huko Dome C, mahali palipojengwa kituo cha Concordia cha Ufaransa na Italia, watafiti wa Ulaya walitoboa barafu zaidi ya kilomita tatu na kupata historia ya miaka 800,000. Katika muda huo wote hewa ya ukaa ilikuwa kati ya sehemu 180 na 300 katika kila sehemu milioni za hewa. Leo imepita 420. Januari 2025 kikosi kipya kilifika mita 2,800 karibu na hapo na kutoa barafu yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 1.2. Vipande vyake vilisafirishwa kwa meli hadi Ulaya katika makontena ya baridi kali, jamaa ya yale yanayobeba maparachichi bandarini kwetu.

Dubu weupe huwala ngwini? (Mtoto wa miaka tisa, Kongowea)

Hapana, mwanangu, kwa sababu hawajawahi kukutana. Dubu weupe wanaishi kaskazini, na ngwini wa barafuni wako kusini kabisa.

Antaktika ni mali ya nani, na itakuwaje wakubwa wakitaka mafuta yake? (Msomaji, Magongo)

Mataifa saba yana madai ya ardhi huko, lakini Mkataba wa Antaktika, uliotiwa saini Washington tarehe 1 Desemba 1959 na mataifa 12, Afrika Kusini ikiwa mojawapo, uliyasimamisha madai hayo na kulitenga bara lote kwa amani na sayansi. Itifaki ya Madrid ya 1991 ikaongeza marufuku ya uchimbaji wa madini, mafuta yakiwemo. Wapo wanaosema marufuku hiyo itakwisha 2048. Si kweli: kuanzia mwaka huo nchi husika inaweza kuomba itifaki ipitiwe upya, na masharti ya kuiondoa marufuku ni magumu. Baharini nako, hifadhi ya Bahari ya Ross, iliyoanza Desemba 2017, ina kilomita za mraba milioni 1.55, zaidi ya mara mbili ya Kenya nzima.

Nasoma sayansi ya bahari chuoni. Kijana wa Mombasa anaweza kuingia katika utafiti huu? (Mwanafunzi, Kisauni)

Anaweza, na anaweza kuanzia hapa. Kipimo cha maji cha Kilindini, kilichoanza kazi mwaka 1986, ni sehemu ya mtandao wa dunia wa kupima usawa wa bahari. Setilaiti hupima bahari kutoka juu, lakini hesabu zake huhakikiwa kwa vipimo vya aina hii, na katika pwani ya Afrika Mashariki ni vichache. Nenda Mkomani, kwenye Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, ukaombe kujifunza namna takwimu zinavyosafishwa na kutunzwa. Ukishaimudu kazi hiyo, uangalie vyuo vya Afrika Kusini, ambayo meli yake S.A. Agulhas II huondoka Cape Town kila mwaka kuelekea kituo chao cha Antaktika. Wakati ukisubiri majibu ya barua zako, chagua ngazi moja ya mawe unayoifahamu, uende kila bamvua ya mwezi mpevu, uandike tarehe, saa, na ngazi ambayo maji yameigusa.