Kabla Hujanunua Beaumont, Jua Kwanza Kwamba Si Pontiac

Gasketi zilikuja zikiwa mpya kabisa kwenye boksi, na hakuna hata moja iliyokaa. Nilikuwa nimenunua Beaumont ya 1967, gari la zamani la Kanada, hapa Ontario. Tangazo la muuzaji liliiita "Pontiac Beaumont", nami bila kuuliza nikaagiza gasketi za V8 ya Pontiac. Fundi wangu, mzee aliyeanza kazi magari haya yakiwa bado mapya, aliilaza tapeti kava, yaani mfuniko wa juu wa injini, mezani, akaweka gasketi juu yake, matundu yakapishana. Akaniambia injini ile ni ya Chevrolet tangu kiwandani, na kwamba Pontiac lilikuwa jina kwenye kibao cha duka lililoiuza.

Hela ile haikurudi. Ndugu kadhaa wameniuliza kuhusu magari haya, na naanza hapo kwa sababu kosa lenyewe linatokana na historia ambayo mnunuzi anapaswa kuijua kabla hajatoa senti.

Zamani gari lililotengenezwa nje likiingia Kanada lilitozwa ushuru wa asilimia 17.5. Kampuni za Marekani zikaona heri kujenga viwanda huku huku, na General Motors (GM), wenye Chevrolet na Pontiac pia, wakawa na chao katika mji wa Oshawa. Lakini soko lilikuwa dogo, na maduka ya GM yaligawanyika: huku Chevrolet na Oldsmobile, kule Pontiac na Buick. Chevy II, gari dogo la Chevrolet, ilipotoka kama modeli ya 1962, wakala wa Pontiac hakuwa na gari dogo la bei nafuu la kumpa mteja. GM wakaichukua Chevy II hiyo hiyo, wakabadilisha grili na nembo, wakaiita Acadian. Beaumont ilianza kama toleo la juu la Acadian, ikahamia kwenye bodi ya Chevelle, gari la Chevrolet la ukubwa wa kati, 1964, na kuanzia 1966 hadi 1969 ikawa chapa inayojitegemea.

Aliyewahi kumiliki Premio au Allion ataelewa haraka. Kwao Japani, Premio iliuzwa kwenye maduka ya Toyopet na Allion kwenye maduka ya Toyota Store, ilhali ni ndugu wa tumbo moja. Ila zile zote mbili hubeba nembo ya Toyota. Beaumont ina nembo yake, mshale unaokaribiana na ule wa Pontiac, wenye jani la mti wa huku uitwao maple, lile lile la bendera ya Kanada.

Wapenzi wa magari ya zamani wanagombana sana juu ya hili. Wapo wanaosema ni Pontiac kwa kuwa baba zao walilinunua kwa wakala wa Pontiac, na nyumbani ndivyo lilivyoitwa miaka yote. Kumbukumbu hiyo naiheshimu. Pia kuna jambo linalowachanganya: baadaye, kuanzia 1976, Chevette, gari jingine dogo la Chevrolet, iliuzwa Kanada kwa jina la Pontiac Acadian, na hiyo kweli ilikuwa Pontiac. Wengine wanasema Beaumont ni Chevelle tu iliyopakwa wanja. Mimi nasimama na wanaosema Beaumont ni Beaumont. Kampuni iliyolitengeneza ndiyo iliyolipa jina hilo, na sioni kwa nini sisi tulinyang'anye.

Laurentian na Parisienne, magari makubwa ya Pontiac yaliyouzwa Kanada, ni habari nyingine. Hizo ni Pontiac halali, zenye mabati ya Pontiac juu ya fremu na injini za Chevrolet, na wenyewe wanaziita "Cheviac". Mmarekani akifungua boneti na kukuta injini ya Chevrolet hudhani imebadilishwa na mtu gerejini. Ukiuziwa Parisienne kwa bei ya kutupa kwa madai kwamba "injini si yake", usikimbie, huenda ni yake kabisa. Tazama na magurudumu: yamekaa ndani zaidi kuliko kwenye Pontiac za Marekani, kwa sababu fremu ni nyembamba.

Sasa spea. Injini, giaboksi, breki na miguu ya Beaumont unatafuta kwa jina la Chevelle, na zimejaa sokoni. Dashibodi ndipo wale wa Pontiac wana hoja, maana inafuata ya LeMans, gari la Pontiac. Grili, taa za nyuma na nembo ni za Beaumont pekee, na hapo ndipo pesa huishia. Mimi nilikaa miezi nikitafuta taa moja ya nyuma. Kwa hiyo kati ya gari lenye injini nzima lakini halina grili, na lenye injini iliyokufa lakini urembo wake wote upo, chukua la pili. Sakafu na matao ya magurudumu yakague kwa sumaku, kwa kuwa chumvi ya barabarani wakati wa baridi imeyala magari mengi na puti limeficha mengi.

Ukiambiwa ni SD 396, yaani Beaumont ya michezo yenye injini kubwa, usiamini beji. Beji hununuliwa. GM Kanada wamekuwa na huduma iitwayo Vintage Vehicle Services, inayotoa nyaraka za gari kwa kufuata namba ya chasisi. Muuzaji akisita kukupa namba hiyo, ondoka.

Na bima. Ofisi niliyoiendea haikuwa na Beaumont kwenye orodha yake, karani akajaza Pontiac. Nikairudisha karatasi, nikaomba iandikwe upya, nikaambatanisha na nyaraka za kiwandani. Siku gari likigongwa, mthamini ataanza na jina lililoko kwenye ile karatasi, na hatatafuta bei ya grili ya Beaumont kama hajui kwamba ipo.