Shangazi, nisaini karatasi ya kumkana mtoto?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Busia, upande wa Uganda, nina miaka 26. Kuna dada mmoja wa saluni, naye ni mtu mzima wa miaka 23, tumekuwa pamoja tangu mwaka jana. Si mchumba. Yalikuwa mambo yetu tu, na tulikubaliana hivyo. Aliniambia yuko kwenye sindano. Sasa ana mimba ya miezi minne. Nilimwambia siko tayari, bado nalipa deni la mashine ya upepo na nina wadogo zangu wawili shuleni. Yeye akasema ameshaamua, atazaa.

Jumapili wajomba zake walikuja gereji pamoja na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji chetu. Hawakuja kwa ugomvi. Wanataka shilingi milioni moja na nusu, mara moja, halafu iandikwe karatasi na mwenyekiti agonge muhuri, kwamba mimi na huyo mtoto hatujuani na hakuna atakayenidai tena. Rafiki zangu wanasema nikope nilipe, niwe huru. Mmoja amenionyesha video kwenye simu, kwamba Ulaya na Marekani kuna wanaume wanapigania jambo hilihili liwe sheria: mwanamke ana uamuzi wake, basi mwanamume naye apewe muda wa kusema "mimi simo". Naona ni haki, Shangazi. Ameamua peke yake, kwa nini nilipe mimi miaka 18? Nisaini?
Fundi, Busia

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usisaini. Na hiyo milioni moja na nusu, kama huna, usiikope.

Karatasi hiyo naijua kwa sababu niliwahi kuiandika kwa mkono wangu. Ilikuwa 1999, Tororo. Kitinda mimba wetu alikuwa utingo wa lori, akampa mimba binti wa jirani. Mimi nilikuwa na miaka miwili tu kazini, ustawi wa jamii, na Sheria ya Watoto iliyoanza kutumika 1997 ilikuwa juu ya meza yangu ofisini. Niliijua. Lakini baba aliniita nyumbani jioni akasema, "Wewe ndiye uliyesoma, andika." Nikachana ukurasa katikati ya daftari la hesabu la mwanangu, nikaandika kwamba familia ya binti imepokea shilingi laki mbili na mbuzi jike mmoja, na kwamba kuanzia leo kijana wetu hahusiki. Kidau cha wino cha mwenyekiti kilikuwa kimekauka, akaupulizia muhuri pumzi ya mdomo mara mbili tatu kabla ya kuugonga. Ulitoka umepinda, nusu herufi hazisomeki. Tukanywa chai. Ndugu yangu aliondoka na lori usiku uleule.

Mwaka 2017 nilikuwa barazani nachambua maharage, akaja kijana mrefu na sare ya shule. Alikuwa anajiandikisha kitambulisho cha taifa. Fomu ile, wewe mwenyewe umeijaza, haitosheki na jina lako: inataka jina la baba, kabila lake, ukoo wake. Mama yake alikuwa amemwambia aje kwetu aulize. Ndugu yangu alikuwa ndani. Alifungua pazia kidogo, akalirudisha, akaninong'oneza, "Mwambie nimesafiri."

Nikamkaribisha kijana, nikachukua fomu nikaanza kumjazia. Nilipofika kwenye ukoo akanizuia mkono, kwa adabu. Akatoa mfukoni kavera, mfuko wa plastiki, iliyokunjwa mara nne, na ndani yake ile karatasi ya daftari la hesabu, imekuwa rangi ya chai. Akaiweka kando ya fomu. Hakusema neno kwa muda, anatazama huku, anatazama kule. Kisha akauliza, "Shangazi, mbona mwandiko ni mmoja?"

Sikuwa na jibu, na leo miaka hii yote sijalipata. Kwa hiyo nikikwambia usisaini, ujue anayekwambia ni nani.

Sasa tuzungumze sheria. Karatasi ile haikuwa na nguvu hata siku ilipoandikwa, na yako haitakuwa nayo. Katiba yetu ya 1995, ibara ya 31, inasema kuwatunza na kuwalea watoto ni haki ya wazazi na pia ni wajibu wao. Ibara ya 34 inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake na kutunzwa nao. Sheria ya Watoto haiulizi kama mlioana, wala kama ulipanga. Mama anaweza kwenda mahakama ya familia na watoto kudai matunzo tangu akiwa mjamzito mpaka mtoto atimize miaka 18. Tuseme wajomba wamezila pesa zako, zimeishia kwenye mabati na mazishi ya mtu fulani. Mtoto ana miaka mitatu, anaugua, binti hana kitu. Ataenda. Na hakimu atakuuliza unapata kiasi gani gerejini. Ile karatasi haitakusaidia.

Hebu kumbuka walioketi kwenye lile benchi lako Jumapili. Wajomba, mwenyekiti, na wewe. Huyo atakayekudai hakuwepo, bado yuko tumboni. Matunzo ni yake. Mjomba hawezi kukusamehe deni ambalo hakudai yeye, sawa na mimi nisivyoweza kukusamehe deni la mashine ya upepo.

Kuna njia ambayo sheria humtua mzazi mzigo huu angali hai, nayo ni kuasili: mahakama ikimpa mtoto wazazi wengine, wajibu wa wale wa kwanza unakwisha. Lakini angalia vizuri jinsi inavyofanywa. Mzigo unapokelewa na kichwa kingine. Hauachwi njiani.

Hiyo video nayo, sikubezi kwa kuitazama. Wanaosema vile si wendawazimu, wana hoja. Yuko Mmarekani, Matt Dubay, wa jimbo la Michigan, aliyefungua kesi 2006. Alisema rafiki yake wa kike alimhakikishia kwamba hawezi kushika mimba, ikashika, akaamriwa atoe matunzo. Akadai kwamba ikiwa mwanamke wa Marekani ana haki ya kuitoa mimba asiyoitaka, haki waliyokuwa nayo kwa hukumu ya Roe v. Wade ya 1973, basi usawa unataka mwanamume naye apewe nafasi ya kujitoa. Akashindwa, akakata rufaa, na 2007 akashindwa tena. Uswidi nako, mwaka 2016, vijana wa chama cha Liberali upande wa magharibi walipendekeza mwanamume aruhusiwe kujivua ubaba mpaka wiki ya 18 ya mimba. Waliichagua wiki hiyo kwa sababu ndiyo mwisho wa mwanamke wa kule kuomba mimba itolewe kwa uamuzi wake mwenyewe. Ilibaki kuwa pendekezo.

Umeona hoja yote imeegemea wapi? Mwanamke ana mlango wa kutokea, basi nami nifungulieni wangu. Haya, rudi Busia. Hapa kutoa mimba ni kosa la jinai, na Katiba hiyohiyo, ibara ya 22, inakataza isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Binti wa watu anayejaribu anaenda kwa mganga wa uchochoroni, na wengine nimewaona walivyorudi, sitaki kueleza zaidi. Wewe unaniandikia kwamba "ameamua kuzaa". Aliamua kati ya nini na nini, fundi? Hata Marekani kwenyewe, mwaka 2022 Mahakama ya Juu iliifuta ile hukumu ya 1973, na majimbo mengi yamefunga mlango. Umeazima spana ya pikipiki ya watu, haiingii kwenye nati yako.

Tena tusidanganyane. Haki ya kusema "mimi simo" wanaume wa hapa wanayo siku nyingi, bila Bunge kuwaandikia. Inaitwa kubadilisha laini. Nimekaa ofisini nikipiga namba nilizoandikiwa na akina mama kwenye vipande vya karatasi, mteja hapatikani, mteja hapatikani, mpaka sauti ile ya simu nikaijua kama ya jirani. Anayelipa nafasi ya hao wateja ni bibi, jajja kama tunavyosema huku, aliyekwisha kulea wake akamaliza, sasa anakaanga mandazi saa kumi ya usiku kwa ajili ya ada ya mjukuu. Wanaotaka sheria ya kumruhusu baba aondoke, sijawasikia wakimtaja.

Sindano. Umeandika "aliniambia yuko kwenye sindano" kama mtu aliyeuziwa spea bandia. Inawezekana alikudanganya, sikuwepo. Lakini inawezekana vilevile kwamba hakukudanganya. Sindano inayotumika sana huku ni ya miezi mitatu mitatu. Akichelewa kurudi, au akienda akakuta kituo kimeishiwa dawa, akaambiwa arudi wiki ijayo, kinga inakwisha huku yeye anahesabu kwamba bado anayo. Na wewe, mwanangu, ulikuwa kwenye nini? Kondomu zipo hata pale mpakani.

Hujasema una shaka kama mimba ni yako, nami sitakutia shaka usiyokuwa nayo. Kama unayo, iseme sasa, mbele yake kwanza kabla ya wajomba, na bila matusi. Mtoto akizaliwa mpime DNA; maabara ya serikali iko Wandegeya, Kampala, na mahakama nayo ina uwezo wa kuagiza kipimo. Kubambikiwa mtoto kupo. Nimeona mwanamume amelipa ada miaka tisa ndipo akajua, na yule sikumwambia avumilie. Kama wangeniuliza nibadilishe nini, ningesema kipimo kiwe rahisi kwa mtu wa pato lako, na mama anayepokea matunzo huku akimficha mtoto asionwe na baba yake aitwe naye aeleze. Nimewaona wa namna hiyo pia. Hapo wanaume wanalalamika na wana haki ya kulalamika.

Turudi kwako. Nadhani kinachokutisha ni kwamba umechanganya mambo matatu: kumwoa, kuwaridhisha wajomba, na kumtunza mtoto. Kumwoa, hakuna anayeweza kukulazimisha, na kwa jinsi mnavyoongea ninyi wawili nisingewashauri. Wajomba, kama unataka amani, wapelekee sukari kilo mbili na sabuni, uombe radhi, ukae dakika kumi, uondoke. Milioni moja na nusu ni bei yao wenyewe, mahakama haikuipanga. La tatu ndilo halina mjadala, lakini nalo si kubwa kama unavyoliota usiku. Mahakama inapopanga matunzo inaangalia uwezo wa mzazi. Nilikuwa na kijana wa chapati aliyekuwa akileta elfu kumi kila Jumamosi, noti zinanuka mafuta, nami naandika kwenye daftari naye anatia sahihi. Elfu kumi. Wiki nyingine analeta elfu sita na mkungu wa ndizi. Alikuwa na wadogo zake kama wewe. Yule mtoto sasa anasoma ufundi wa umeme, na nikimkuta sokoni ananisalimia kwa jina lake na la baba yake, yote mawili, utadhani nimemwuliza.

Karatasi basi mtaandika, ila iwe nyingine. Nendeni wote wawili, wewe na yeye, wajomba wabaki nyumbani, kwa ofisa wa probesheni wa wilaya, yule wa ustawi wa jamii. Mwambie ukweli wa pato lako, siku nzuri na siku mbovu. Ataandika kiasi, siku ya kulipa, na lini utamwona mtoto. Tuma pesa kwa simu usimpe mkononi, ule ujumbe mfupi ndio risiti yako, usiufute. Na kwa mwenyekiti wa LC1 pita umwambie kwa heshima kwamba mmehamishia jambo wilayani. Ataelewa. Anajua vizuri muhuri wake unaishia wapi.

Ila hayo yana wiki zake. Kesho asubuhi pita saluni, umwulize kama ameshaanza kliniki na ni siku gani anarudi. Siku hiyo gereji ifungue saa sita.