Je, kipimo cha jani chatosha kuthibitisha ukinzani wa nyanya?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba watafiti wa mbegu hupima kipande cha jani la mche wa nyanya na kujua kama utastahimili virusi vya kukunja majani, hata kabla haujaambukizwa. Je, huku ndiko kuhamisha jeni? Na ikiwa kipimo hicho ni cha kuaminika, mbona miche hiyo bado huachiwa nzi weupe, waenezao virusi hivyo, waishambulie?

JIBU: Huku si kuhamisha jeni. Nyanya ya shambani huchavushwa na jamaa yake wa mwituni, Solanum chilense wa Amerika Kusini, ambaye ndiye chimbuko la jeni ya ukinzani iitwayo Ty-1, kisha maabara husoma DNA ya uzao wao ili kuteua miche ya kuendelea nayo. Hakuna kinachobadilishwa ndani ya mche.

Swali lako la pili ndilo zito. Alama, yaani kipande cha DNA kinachopimwa maabara, mara nyingi si jeni yenyewe bali ni jirani yake kwenye kromosomu, na majirani hawa, ingawa kwa kawaida hurithiwa pamoja, huweza kutengana pale kromosomu za jozi moja zinapobadilishana vipande wakati chavua na mayai vinapoumbwa. Ikiwa alama hutengana na jeni mara 5 katika 100, basi miche mitano hivi kati ya mia iliyoteuliwa itakuwa na alama bila kinga. Ndiyo maana hupendelewa alama mbili, moja kila upande wa jeni, ambazo kosa lake hushuka hadi takriban 1 katika 400. Isitoshe, Ty-1 haivifukuzi virusi kabisa, bali huvizuia visizaliane kwa wingi, na kiasi cha kinga hiyo hakionekani katika DNA. Huonekana kwenye mmea uliokwisha kuambukizwa.

Hata hivyo, usiidharau alama, kwa maana yapo mambo ambayo nzi weupe hawawezi kutuambia. Ukinzani wa ty-5, jeni nyingine ya kinga, kwa mfano, ni fiche: mche wenye nakala moja tu ya jeni hiyo huugua kama mwingine wowote. Mseto unaporudishwa kwa mzazi asiye na kinga, nusu ya uzao huibeba jeni, lakini miche yote huugua, na anayeteua kwa macho pekee hulazimika kuichavusha kila mmoja kwa chavua yake na kusubiri kizazi kingine ili aijue iliyoibeba. Alama humwonyesha mapema, mche ukiwa na majani machache tu. Watu husifu zaidi kasi yake. Mimi naona ubora wake mkubwa uko katika kukusanya jeni kadhaa ndani ya mmea mmoja, kwa sababu mche ambao tayari unalindwa na Ty-1 utaonekana mzima, uwe na jeni ya pili au usiwe nayo.