Je, Naweza Kutembea na Mbwa Wangu katika Msitu wa Arabuko-Sokoke?

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipokuwa nikiishi Nairobi nilizoea kutembea na mbwa wangu katika msitu wa Karura, akiwa amefungwa kamba kama kanuni za pale zinavyotaka. Sasa nimehamia Watamu, na msitu wa Arabuko-Sokoke uko jirani. Je, naweza kumpitisha katika njia za mle ndani mradi nisimwachilie? Na je, kuna maradhi ya kuhofia? – Msomaji, Watamu.

JIBU: Ndugu msomaji, ushauri wetu ni kwamba usimwingize, hata kamba ikiwa mkononi mwako muda wote. Karura ni msitu wa mjini uliozungushiwa uzio, na wanyama wake wamekwisha kuzoea watu na mbwa wao. Arabuko-Sokoke ni hifadhi yenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, yenye ndovu ndani yake, na humo mbwa anajulikana kwa kazi moja tu, nayo ni uwindaji haramu. Wawindaji wa mitego huingia na mbwa kumsaka paa nunga na wanyama wengine wadogo, kwa hiyo mbwa anapobweka, mnyama hukimbia kuokoa roho yake, na askari wa msitu naye hana budi kushuku jambo.

Anayetutia wasiwasi zaidi ni sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, ambaye makao yake makubwa duniani ni msitu huu. Ana uzito wa nusu kilo hivi na pua ndefu ambayo hupekulia majani makavu mchana kutwa akitafuta wadudu, yaani saa zile zile ambazo wewe ungekuwa njiani. Usiku hulala katika kiota cha majani alichokikusanya chini, na kwa macho ya mpita njia kiota hicho ni kichungu cha takataka tu. Pua ya mbwa, hata hivyo, haidanganyiki. Sange huzaa mtoto mmoja kwa uzazi mmoja, hivyo hasara haifidiki upesi. Kamba humzuia mbwa kukamata, lakini haizuii harufu yake, mkojo wake wala maradhi anayoweza kuyaacha. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao ni wa mbwa, uliua simba wapatao elfu moja kule Serengeti.

Kwa hiyo mwache mbwa nyumbani siku ya msituni, uchukue mwongoza wageni katika kituo kilicho karibu na Gede, na siku nyingine umtembeze mbwa ufukweni maji yakiwa yametoka, asubuhi na mapema kabla mchanga haujamchoma nyayo. Hapo nako mshike kamba: watoto wengi wa pwani huwaogopa mbwa, na jirani anayekwenda msikitini akiwa na udhu hapendi kulambwa. Katika misitu ya kaya za Wamijikenda usijaribu kabisa kumpeleka. Kaya Kinondo, kwa mfano, mgeni huingia akiwa amejifunga kitambaa cheusi na akiongozwa na wenyeji, na mahali patakatifu namna hiyo si pa kutembezea mbwa.

Kuhusu maradhi, chanjo ya kichaa cha mbwa isikupite, na kupe uwatafute kila mrudipo: ndani ya masikio, kwapani na katikati ya vidole. Hata hivyo, sisi tunamhofia zaidi mbung'o, kwa kuwa maradhi anayoyaambukiza hayana chanjo, na mbwa huyastahimili kwa shida kuliko ng'ombe. Mbung'o hufuata kitu kinachotembea na hupenda rangi nyeusi na buluu, basi hata ukipita pembezoni mwa msitu vaa nguo za rangi ya udongo. Mbwa akipata homa, akikonda ilhali anakula, ufizi ukipauka au jicho likiingia ukungu kama maziwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Mweleze mlikopita, na umwombe apime tone la damu kwa hadubini kabla ya kumtibu, maana dalili za mwanzo hufanana sana na za homa ya kupe.